Dakika ishirini kati ya magharibi na isha: shajara ya sarufi ya Kiingereza, Mtwara

Juni, kabla ya kuanza

Mradi wenyewe si mkubwa: dakika ishirini kila jioni, kati ya magharibi na isha, kwa ajili ya sarufi ya Kiingereza. Tuko wawili. Mimi ni karani katika ghala la korosho za kusafirishwa nje, hapa Mtwara mjini, si mbali na bandari. Mwenzangu ni mpwa wangu, binti wa dada, yuko kidato cha tatu na anakaa kwangu Magomeni, hapa hapa mjini. Huku Kusini mjomba hana pa kujificha. Dada akipiga simu kutoka Newala akasema "huyo mwanao Kiingereza kinamsumbua", ujue kazi imeshagawiwa na aliyegawiwa ni wewe.

Nami nina sababu zangu. Korosho ghafi zinazopita kwetu zinakwenda zaidi India na Vietnam, na mawakala wa wanunuzi wanaandika kwa Kiingereza. Kusoma wanachoandika hakunipi shida. Kujibu ndiko kunakonitoa jasho: jibu la mistari minne naliandika, nalifuta, mwisho natuma "Noted" na kuomba Mungu wasiulize zaidi. Nataka msimu ukifunguliwa Oktoba niweze kueleza jambo likaeleweka bila kupigiwa simu.

Kwa nini dakika ishirini kila siku na si saa mbili za Jumamosi? Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi kubwa saa za mwanzo, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa siku kadhaa yanashika kuliko marudio yale yale yakifanywa kwa mkupuo. Hilo linanitosha. Isitoshe, saa mbili za Jumamosi sinazo. Jumamosi kuna misiba, kuna harusi, kuna ngoma.

Masharti yako kwenye ukurasa wa kwanza wa kaunta buku. Wiki moja, jambo moja. Sentensi zitoke kwenye maisha yetu ya wiki hiyo: ghalani, shuleni, sokoni. Kitenzi kwanza, mengine yatafuata. Jumamosi daftari linapelekwa kwa jirani, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu tu. Dakika tano za kwanza ni za kusoma kwa sauti sentensi za jana, kumi za kutunga mpya, tano za mwisho mmoja anauliza na mwenzake anajibu daftari likiwa limefungwa.

Juni, wiki ya kwanza

Tumeanza kwa kupunguza. Mpwa wangu anazitaja tensi zote kumi na mbili bila kumeza mate, mpaka "future perfect continuous". Nikamwambia aseme kwa Kiingereza "mwalimu wa hesabu hajaja leo". Kimya. Si kosa lake. Shule ya msingi alisoma kila kitu kwa Kiswahili, kidato cha kwanza karibu kila kitu kikageuka Kiingereza, na alichopewa cha kumvusha ni jedwali la tensi.

Sisi tunachukua nne tu: "I work", "I am working", "I worked", "I have worked". Hiyo "future perfect continuous" itasubiri siku mmoja wetu atakapoihitaji, na siku hiyo siioni.

Jumamosi Mwalimu hakutaka kusikia habari za jedwali. "Msinitajie kanuni. Nisomeeni sentensi."

Juni, katikati

Jambo la wiki: "I work" na "I am working".

Ugumu wake ni kwamba kwetu -na- inabeba yote mawili. "Anafanya kazi bandarini" inaweza kuwa ajira yake, inaweza kuwa ndicho anachofanya dakika hii. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua. Vitabu vinaeleza mambo ya desturi na mambo yanayoendelea, maelezo marefu, na ukimaliza kusoma bado hujui uandike nini.

Tulichokipata ni hiki: jaribu kuweka hu-. Ukiweza kusema "hufanya kazi bandarini" na maana ikabaki ile ile, andika "He works at the port". Ikigoma, ukaona unachotaka kusema ni "yuko anafanya", andika "He is working". Meli hutia nanga hapa: "Ships anchor here". Yuko anashusha magunia: "He is unloading bags". Mpwa wangu alitunga ukurasa mzima kwa kipimo hiki, sentensi za mama muuza ming'oko wa kona, na hakuna hata moja iliyokwenda kombo.

Mwalimu alipoona maandishi "jaribu hu-" pembeni mwa ukurasa alikunja uso. Yeye ni wa shule ya zamani: ukisoma Kiingereza, fikiri kwa Kiingereza, Kiswahili kiache mlangoni. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba mtu hawezi kufikiri kwa lugha asiyokuwa nayo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Lakini kila kipimo chako uandike na mahali kinapovunjikia."

Sharti hilo limeingia kwenye ukurasa wa kwanza. Na hu- inavunjikia hapa: "know", "want", "need", "understand", "believe", "like", "have" kwa maana ya kumiliki. Hivi vinakaa "I know" hata kama jambo liko kichwani sasa hivi. "I am knowing" haipo. Tumeviandika kwa kalamu nyekundu.

Julai, mwanzoni

"Does" na "did". Nilitenga wiki mbili, imetosha moja, kwa sababu Kiswahili kinafanya mchezo huo huo na hatujawahi kuuangalia.

Anajua. Ukikanusha unapata "hajui": -na- imeondoka na mwisho umegeuka. "He knows" ukikanusha unapata "He does not know": ile "s" imehamia kwenye "does", kitenzi kimebaki kitupu. Alijua, hakujua: -li- imeondoka, -ku- imeingia. "He knew", "He did not know": wakati uliopita umehamia kwenye "did", na "knew" imerudi kuwa "know". Hakuna Mswahili anayesema "hakualijua". Basi kwa sababu ile ile hakuna "did not knew".

Mpwa wangu aliangalia ukurasa akasema, "Mjomba, mbona hawakutuambia hivi?" Sikuwa na jibu.

Panapovunjika ni kwenye maswali. Sisi tunapandisha sauti tu, au tunatanguliza "je", kitenzi kinabaki kilivyo: anajua? Wao lazima walete "does" hata kwenye kuuliza, na kitenzi kivuliwe: "Does he know?" Kwa hiyo maswali tunayafanyia mazoezi ya mdomo peke yake. Dakika tano za mwisho sasa ni maswali matupu.

Julai, kuelekea mwisho

Hii ndiyo wiki niliyoingoja, na imegeuka wiki tatu. Kiambishi -me-.

Shuleni tuliambiwa -me- ni "have" au "has", basi. Amefika, "He has arrived". Ni kweli, lakini ni theluthi ya kweli. Chukua ghala. Ghala limejaa. Ukiandika "The warehouse has filled" wakala atakuelewa, ila hivyo sivyo wanavyosema. Wanasema "The warehouse is full". Gunia limelowa: "The bag is wet". Mlango umefungwa: "The door is closed". Mlinzi amelala: "The guard is asleep", na ukiandika "The guard has slept" umemsafisha kabisa, maana yake alilala, akaamka, sasa yuko kazini. Nimechoka, "I am tired". Amevaa koti, "He is wearing a coat". Nimeelewa, "I understand", wala hakuna "am" humo.

Tukapanga -me- zote tulizozisikia siku nzima, za redioni, za bodaboda, za kwenye kijiwe cha kahawa. Baada ya siku kadhaa zikajigawa zenyewe. Kuna -me- ya hali: kitu kiko hivyo sasa. Kuna -me- ya tukio: jambo limetokea na bado lina uzito sasa. Tatizo ni kuzitenganisha haraka, ukiwa na simu mkononi na mtu anasubiri jibu.

Kipimo alikipata mpwa wangu, si mimi. Weka "bado" mbele yake. "Bado amelala" inakubali. "Bado ghala limejaa" inakubali. "Bado limelowa" inakubali. Hizo ni hali, tumia "is" au "are". Sasa sema "bado lori limefika". Haisemeki. Hilo ni tukio, tumia "has" au "have": "The truck has arrived". Tumekijaribu kipimo cha bado kwenye kila -me- iliyokuwa daftarini na kimeshika karibu kote. Kinapovunjikia ni kwenye vitenzi kama "nimeelewa" na "nimesahau", ambavyo Kiingereza kinavitaka bila msaidizi: "I understand", na mara nyingi "I forget" au "I forgot". Kalamu nyekundu.

Kisha kuna -me- ya tatu, inayotuponza watu wa huku kila siku: "lori limefika jana". Kwa Kiswahili cha mazungumzo inapita. Kwa Kiingereza ukishataja jana, juzi, saa tisa, wiki iliyopita au mwaka 2018, "has" inaondoka: "The truck arrived yesterday". Saa na tarehe haziishi nyumba moja na "has". Mwalimu aliitia tiki kubwa, akatuongezea zawadi yake mwenyewe, na kwa mtu anayepinga vipimo vya Kiswahili ilikuwa zawadi ya ajabu kidogo: -ja- na -ku-. Hajafika, "He has not arrived". Hakufika, "He did not arrive". Hizi mbili zinalingana na zao bila chenga hata moja. Ukiwa na wasiwasi kati ya "has" na "did", geuza sentensi yako iwe ya kukanusha kwa Kiswahili, usikie kama imetoka -ja- au -ku-, halafu urudi.

Natamani ningeyajua haya kidato cha pili.

Agosti

Vitenzi vinavyobadilika ovyo. Hapa hakuna kipimo, ni kukariri.

Ila kuna kukariri na kukariri. Tumekata kadi kutoka kwenye katoni za biskuti, upande mmoja kitenzi, upande wa pili maumbo yake mawili na sentensi moja. Zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitano, mpango uliotangazwa na mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, miaka ya 1970. Ukiipata kadi inasonga chumba cha mbele, ambacho hakifunguliwi mara kwa mara. Ukiikosa inarudi chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Kwa hiyo muda wote unakwenda kwenye zile zinazokushinda.

Hatukuzipanga kwa alfabeti. "Cut", "put", "shut", "cost" na "hit" hazibadiliki kabisa, hizo zilimalizika jioni moja. "Bought", "brought", "thought", "caught" na "taught" zina mlio mmoja. "Begin, began, begun" zinakwenda na "drink", "swim", "ring", "sing". Zilizobaki ndizo korofi.

Cha kuudhi ni kwamba vitenzi vinavyotumika zaidi ndivyo vyenye fujo: "be", "have", "do", "say", "go", "get", "make", "know", "take", "see", "come", "think". Hakuna hata kimoja hapo kinachofuata kanuni. Sababu inaeleweka: kitenzi kinachotamkwa kila siku watu hawasahau umbo lake la zamani, wanalirithi. Kinachotamkwa kwa nadra ndicho kinachotiwa "ed". "Help" zamani ilikuwa na "holp", imepotea. Kwa hiyo anayeanza asikwepe fujo hii akidhani ataikuta baadaye. Ndiyo atakayoitumia kesho asubuhi.

Programu za simu tulizijaribu mwezi huu. Zinamaliza bando, zinakupa nyota kwa kubonyeza neno sahihi kati ya manne, na mifano yake imejaa theluji na treni za chini ya ardhi. Tumebaki na boksi la viatu.

Kwa mazoezi ya -ka- tulitumia Mikindani, mji jirani. Livingstone alifika Mikindani Machi 1866, akapanga msafara, akaondoka kuelekea mto Ruvuma. Kiswahili kina -ka- ya kusukuma hadithi mbele, wao hawana. Wanarundika wakati uliopita ule ule: "Livingstone arrived, organised his caravan and left for the Ruvuma". Ni rahisi mno. Siku mbili zilitosha.

Septemba

Kauli ya kutendwa. Nimeleta nyumbani nakala za fomu tupu za ghalani, zisizo na majina ya watu wala bei.

Sikujua jinsi zilivyojaa kauli hii. "Received". "Weighed". "Inspected". Hati ya kupakia melini inaanza na "Shipped on board in apparent good order and condition", na chini yake "said to contain". Mpwa wangu aliuliza mtendaji yuko wapi. Hayupo, amefichwa, na hata kitenzi kisaidizi, "was" au "were", kimekatwa ili kubana nafasi. Ukiyarudisha unapata "The bags were received", "The bags were weighed". Ni -w- yetu: yalipokelewa, yalipimwa.

Hiyo "apparent" niliifurahia. Mwenye meli hakufungua magunia. Anasema kwa jinsi anavyoyaona yako vizuri, na "said to contain" maana yake ameambiwa tu kilichomo. Kauli ya kutendwa hapa inafanya kazi ya kujikinga. Karani yeyote anaujua ustadi huo: magunia yakipungua, ripoti inaandika "yalipotea", hakuna aliyeyapoteza.

Kutaja aliyetenda na alichotumia, kwetu ni vineno viwili na kwao ni viwili. Mtendaji anachukua "by", kifaa kinachukua "with". "Gunia lilichanwa na kibarua kwa kulabu": "The bag was torn by a labourer with a hook". Ukishika kwamba "na" ya mtendaji ni "by" na "kwa" ya kifaa ni "with", hupotei.

Kwa mazoezi ya ziada tulichukua historia ya mji. Bandari yenye kina ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Karanga hazikufanikiwa, reli ikang'olewa, bandari ikabaki. "The port was built for groundnuts. The railway was pulled up. The port was left." Mwalimu alizisoma polepole, akasema hizo sentensi tatu zinatosha kwa mtihani wa historia pia.

Oktoba hadi Novemba

Msimu. Minada imeanza, malori yanapishana, narudi nyumbani isha imepita.

Dakika ishirini hazipatikani. Tumekubaliana tano: boksi la kadi, basi. Mpwa wangu anaendelea na zake ishirini peke yake na kunisomea asubuhi nikinywa chai. Mwaka kesho nitaupanga mradi hivi tangu mwanzo, mrefu kiangazi, mfupi msimuni. Anayefanya kazi ya korosho akipanga ratiba ya mwaka mzima kwa kipimo kimoja anajidanganya.

Ninaandika hapa ujumbe mmoja niliotuma, kwa sababu ndio mradi wenyewe ukiwa kazini. Wakala aliuliza habari za lori lililokuwa likitoka Newala kwenye mvua. Nikajibu:

"Good afternoon. The truck from Newala arrived at 3 p.m. We have unloaded 200 bags. Four bags are wet, so we have put them aside. The moisture test has not been done yet. We will send you the result tomorrow morning."

"Arrived", kwa kuwa saa imetajwa. Saa yenyewe ni tisa kwetu, tatu kwao, na hapo lazima kutulia kidogo kabla ya kubonyeza. "Have unloaded", saa haikutajwa na jambo lina uzito sasa. "Are wet", bado yamelowa, inasemeka, ni hali. "Has not been done", hakijafanywa, -ja-, na -w- ndani yake. "Put" haibadiliki. Mistari hiyo iliandikwa nimesimama mlangoni pa ghala, vibarua wakipita na magunia ya kilo 80 mabegani, na sikufuta hata neno.

Jibu lilikuja baada ya dakika chache: "Clear, thank you. Please share photos of the 4 bags." Hakupiga simu.

Desemba

Magunia yamepungua, dakika ishirini zimerudi. Sasa vile vineno viwili tulivyoviogopa: "a" na "the".

Niliviweka mwisho kwa makusudi. Ukikosea kitenzi, mtu anaweza kupakia mzigo ambao haujapimwa. Ukikosea "the", anatabasamu tu. Wengi wanaanza navyo kwa sababu ni vifupi, wanakata tamaa kabla hawajafika kwenye kitenzi.

Inasemwa kwamba Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Si kweli kabisa. Sikiliza: "Nimenunua gunia." Gunia gani? Lolote. "Nimelinunua gunia." Hapo tunajua gunia gani, tulishaliongelea. Ile -li- katikati ya kitenzi ndiyo "the" yetu. "I have bought a bag", "I have bought the bag". Nimekiona kikombe, nimeona kikombe. Nilizifunga barua, nilifunga barua. Ukisikia masikioni mwako kwamba kiambishi cha mtendwa kinataka kuingia, weka "the". Kisipotaka, "a", au mtupu kama ni wingi.

Kinapovunjikia ni kwa watu. Mtu lazima apewe -m- hata kama humjui: "nilimwona mtu mlangoni" ni "I saw a man at the door", na -m- ipo. Kwa hiyo kipimo hiki ni cha vitu, si cha binadamu. Mwalimu alicheka kwa sauti. Alisema amefundisha miaka na miaka na hajawahi kukiona hivyo, kisha, ili nisivimbe kichwa, akanipa orodha ya majina ya mahali yasiyojali kipimo chochote. Mtwara, Lindi na Masasi hazina "the". Ziwa halina: "Lake Tanganyika". Mlima mmoja hauna: "Mount Kilimanjaro". Mto unayo: "the Ruvuma". Bahari inayo: "the Indian Ocean". Nyanda zinayo: "the Makonde Plateau". Tanzania haina, lakini jina kamili linayo: "the United Republic of Tanzania". Komoro, kwa kuwa ni visiwa, wanayo: "the Comoros". Haya yamekwenda kwenye boksi la viatu moja kwa moja.

Na kuna visivyohesabika. "Information", "equipment", "advice", "luggage" havina wingi wala "a". Mpwa wangu ana njia yake: anavitia kundi moja na mchele na unga. Hakuna anayenunua "unga mbili".

Januari

Mpwa wangu yuko kidato cha nne. Dada alikuja kumsalimia, akamkuta anamrekebisha mjomba wake maswali ya "does", akaenda jikoni bila kusema kitu. Baadaye nikamsikia kwenye simu akimhadithia mtu.

"In", "at" na "on" tumezipitia haraka. Kiambishi chetu cha mahali, -ni, kinameza zote tatu, lakini humo na hapo zinasaidia: humo ghalani, "in the warehouse", hapo bandarini, "at the port". Juu ya kitu ni "on". Siku na tarehe ni "on", mwezi na mwaka ni "in", saa ni "at", hakuna falsafa.

Kinachofuata ni -nge-. "Ningekuwa na gari ningeenda Lindi": "If I had a car, I would go to Lindi". Sisi tunaweka -nge- pande zote mbili, wao "would" wanaiweka upande mmoja tu na upande wa "if" wanauvalisha wakati uliopita. Baada ya hapo ni "since" na "for", ambayo nimeiahirisha tangu Julai. Mpwa wangu anataka tuanze na insha za mtihani wa Novemba. Tumekubaliana Jumatatu hadi Alhamisi sarufi, Ijumaa insha, na yeye ndiye atakayechagua mada.